Firigisi ya Mgomo

Mgomo wa machimbo niliuanzisha mimi. Jambo hili nalisema hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema, na sifa zote alizila mdogo wangu.

Sisi wawili tulikuwa tukichonga mawe ya kujengea, huko juu karibu na barabara ya Subukia. Asubuhi hiyo msimamizi, mtoto ninayeweza kumzaa, aliniambia mbele ya watu, "Wewe kijana, chonga mawe, wacha story." Mimi, mwenye wajukuu wawili! Nikatupa nyundo chini, nikakaa. Wenzangu nao wakakaa.

Lakini mdogo wangu ana mdomo. Kufikia adhuhuri alikuwa amepanda juu ya rundo la mawe akieleza kwamba tumegoma kwa sababu ya vumbi linalotumaliza vifua. Mwenye machimbo akasema ni uvivu. Jirani yetu wa dukani akasema ni wanasiasa wametuchochea. Mimi nikasema ni lile neno "kijana", wakacheka. Vumbi likashinda. Kweli tulikuwa tukikohoa, lakini tulikuwa tumekohoa miaka mingi bila kugoma.

Jumapili Mama akachinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, na tangu Baba afariki mwenye boma ni mimi. Mama akaipitisha mbele ya pua yangu, akaiweka kwenye sahani ya mdogo wangu. "Kula, baba. Umetutetea." Kwa wivu nikasukuma ugali kando. Nikasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Wewe kula shingo, uwache maneno," Mama akanijibu.

Wiki ya pili mwenye machimbo akaja mwenyewe. Akasema ameleta barakoa za vumbi, ziko kwenye gari, na kazi inaanza leo. "Lakini aliyeanzisha hii kitu aende nyumbani, asirudi. Ni nani?"

Siku zote hizo nilikuwa natafuta nafasi ya kusema ni mimi. Sasa nilikuwa nimeulizwa, na ulimi haukuinuka. Mdogo wangu hakumtazama mtu.

"Ni mimi, boss," akasema, akashika njia.

Nilikuwa wa kwanza kuomba barakoa. Niliivuta hadi chini ya macho. Na nakiri, hata wakati huo nilimwonea wivu, jinsi alivyolisema bila kusita.