Gesi Inapogoma Kuingia Majini

Saa mbili asubuhi, Mama Povu ameshika valvu ya mtungi wa gesi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anamfukuza mumewe.

"Kaa nyuma, baba watoto. Nyuma zaidi!"

Mume anarudi hadi mlangoni. Kiganja chake cha kulia kimefungwa bendeji.

Katika chumba hiki cha uani, wawili hawa hutengeneza soda ya ndimu na kuiuza madukani. Maji ya kisima huingia kwenye tangi, gesi ikasukumwa kwa presha hadi iyeyuke, kisha chupa zikajazwa. Miaka sita mambo yalikwenda sawa. Ukame ulipokuja, kisima kikaanza kutoa maji ya chumvi.

"Ladha tuliificha kwa ndimu," anasema Mama Povu. "Povu ndilo lililotushinda. Wenye maduka wakaanza kutukwepa."

Wakaongeza presha. Povu likarudi, wakapeana mikono. Kesho yake chupa ikapasuka mume akiipanga kwenye kreti.

"Nilisikia mlio tu. Kutazama, damu," anasema. "Mke wangu alilia kuliko mimi."

Muuza mitungi ndiye aliyewafumbua macho. Kwa presha ileile, maji ya chumvi hupokea gesi kidogo kuliko maji matamu. Ukiilazimisha iingie, inasukumana humo ndani ikitafuta pa kutokea, na mzigo wote unabebwa na chupa. Maji yakiwa baridi sana, huipokea kwa urahisi zaidi.

Ndiyo maana leo tangi limezungushiwa barafu, maji ya kisima yamechanganywa na matamu ya kununua, na presha imeshushwa hadi ilipokuwa zamani. Mama Povu anafunga chupa ya kwanza, anaitumbukiza kwenye ndoo na kuifunika kwa gunia. Wanangoja.

Ta!

Mume anaruka. Mama Povu ameshajiziba uso.

"Ni bati la paa," anasema hatimaye, akihema. "Jua limelipiga."

Anaitoa chupa, nzima. Anaifungua. Chiii! Povu linapanda hadi shingoni, linatulia. Anaonja, anampa mumewe.

"Haijafika ile ya zamani," mume anasema akilamba midomo. "Lakini ipo."

Mama Povu anapanga kununua mashine ya kuchuja chumvi. Mpaka ipatikane, atajaza chupa chache, na atazifunga mwenyewe.

"Na mimi nifanye nini?" mume anauliza.

"Utauza. Mdomo haukukatwa."