Mama yangu alivyokataa ndoa yangu kwenye taar, Wajir nzima ikisikia

Wakuu, asalaam aleikum. Mimi huwa nasoma tu humu na kupita, leo nimeamua kuandika. Yalinikuta mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa Form Two, bodingi ya wasichana Garissa. Baba alikuwa ameshafariki. Kwetu baba akifa, adeer, yaani ndugu yake, ndiye mwenye neno.

Asubuhi moja adeer wangu akatokea shuleni. Akamwambia headmistress nimepata mume, mfanyabiashara wa ngamia kule Elwak, na mama yangu aliyeko Griftu, huko Wajir, amekubali.

Headmistress, mama Mjaluo wa Kisumu, akamwambia angoje kwanza ofisini. Mimi nikakimbilia kliniki ya shule kulia.

Wiki hiyo kulikuwa na nesi Mfilipino amekuja kutuchanja. Kiswahili chake cha kuokoteza. Akaniuliza swali moja: mama mwenyewe amesema nini?

Sikujua.

Basi tukaenda wote, nesi, headmistress, adeer na mimi, kwenye taar ya Halima pale mjini. Ninyi wa simu za mkononi hamuijui: ni simu ya upepo, inatumia betri ya gari. Unaita mji, mtu anatumwa kumtafuta unayemtaka, mnaongea kwa zamu. Siri hakuna. Mwenye taar yoyote, Wajir mpaka Mandera, anawasikia.

Adeer hakupinga, alikuja na raha zake. Alijua mwanamke wa heshima hawezi kujadili ndoa ya bintiye huku watu wote wametega sikio. Hesabu zake zilikuwa sawa, ila hakumjua mama.

Tulingoja mpaka adhuhuri ikapita. Mama alipofika upande wa pili, Halima akamuuliza kwa Kisomali: "Hooyo," yaani mama, "wewe unataka nini?"

Mikwaruzo tu.

Halafu mama akasema, polepole: "Mimi sijakubali. Mtoto abaki shule. Aliyesikia amwambie ambaye hajasikia."

Adeer akachukua fimbo yake akaondoka. Angemdanganya nani tena?

Mama alisemwa vibaya kwa miaka. Mimi leo ni mkunga, alhamdulillah.

Sasa humu mnasema haki za wanawake ni mambo ya Wazungu. Mimi nilisaidiwa na Mjaluo, Mfilipino na Wasomali wawili, na sidhani kuna aliyelijua neno feminism. Nawaombea wote katika kila swala.

Lakini kusema kweli naogopa nikikumbuka. Betri ingezima tu, ningeolewa. Binamu yangu aliishi mahali pasipo na taar, akaolewa akiwa darasa la sita. Haki ya mtu haifai kuning'inia hivyo. Ndiyo maana nataka wanawake wa kila nchi tujuane na tushikane.

Juzi nilimuuliza mama ujasiri ule aliutoa wapi. Akasema tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anataka nini, akaona asiipoteze ile nafasi.

Dada zangu, ninyi nani aliwauliza? Andikeni hapa chini, na wanaume pia. Nitasoma zote.