Huku Shuka, Kule Leso

Likizo hii sauti yangu iliwahi kufika Kariakoo kuliko mimi. Nikiamka Magomeni na kutafuta mswaki, yenyewe ilikuwa imeshapiga kelele asubuhi nzima mezani kwa baba, tena bila chai.

Baba anauza mashuka. Zamani mtaani kwao waliuza kwa mdomo, ila siku hizi kila meza ina spika ya kuchaji. Unarekodi maneno mara moja, inayarudia mpaka chaji iishe. Wa soksi ana yake, wa ndala ana yake, wa sumu ya panya ndiyo usiseme. Ukikaa kimya watu wanakupita kama nguzo ya umeme. Baba alikaa kimya kwa muda mrefu, na sisi nyumbani tukauona ukimya huo kwenye sahani: samaki akawa dagaa, dagaa wakawa mchuzi wenye harufu ya dagaa. Mwisho akanunua spika.

"Kila muhula walimu wananiita kwa ajili ya huo mdomo wako," akaniambia. "Leo ufanye kazi."

Nikarekodi ya kistaarabu: karibuni wateja, mashuka mazuri. Baba akasikiliza, akasema hilo ni tangazo la msiba. Hapo nikachomoa kipaji:

"Sogea mama, sogea dada! Huku shuka, kule leso! La kule ukilifua mara moja unapengea makamasi! Huku shuka, kule leso!"

Baba alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha.

"Sasa hii si tunamkosea jirani?"

Maana kule ni kwa nani? Mashuka mengine pale ni ya meza iliyogusana na yetu, ya mama mmoja wa Masasi ambaye amekaa na baba tangu mimi nabebwa mgongoni. Ijumaa baba akienda kuswali, yeye humuuzia. Jumapili yeye akienda kanisani, baba humuuzia. Na mzigo wanachukua pamoja, stoo moja, katoni moja wanagawana. Najua, kwa sababu anayeibeba hiyo katoni ni mimi.

"Baba, utani tu," nikasema. "Kwani nimemtaja?"

Akaiwasha, na watu wakaja. Walikuja wakicheka, na mtu anayecheka habishani sana bei. Wapagazi wakawa wanaiimba wakisukuma mikokoteni yao: huku shuka, kule leso! Mwanafunzi mwenzangu akairekodi kwa simu, nikawa staa. Baba hakuuliza tena habari ya jirani.

Ijumaa nikaenda kumpelekea baba chakula. Alikuwa ameshaenda msikitini. Mezani kwetu amesimama yule mama, anamfungulia mteja shuka la maua, na mimi nalia pembeni yake ndani ya spika: huku shuka, kule leso!

Mteja, dada mmoja mcheshi, akauliza, "Kule ndiyo wapi?"

Mama akaonyesha kwa kidevu. "Pale."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Yule dada akadhani ni sehemu ya utani. Akacheka, akalipa, akaondoka na shuka letu. Mama akaiweka hela kwenye kopo la baba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Nikapeleka mkono kuizima spika.

"Iache. Baba'ko hakuniagiza nizime, kaniagiza niuze." Akalikunja shuka jingine. "Sauti yako hii, eh?"

"Ndiyo mama."

"Umeiweka vizuri. Siku ya kwanza hata mimi nilicheka."

Mimi huyu, ambaye mwalimu akinitoa darasani natoka nikipunga mkono kama mheshimiwa, nilianza kukunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Spika haikujali, ikawa inanirudia na kunirudia. Kila ikisema leso, mama alikuwa anatafuta kitu cha kufanya na vidole vyake.

Jioni nikamwambia baba tubadilishe maneno.

"Tubadilishe wakati imekubali?" akasema. "Wiki hii tumekula samaki, au hukumwona?"

Nilimwona. Kichwa nilikila mimi. Nikanyamaza, na hilo ndilo linalonichoma kuliko ule utani wenyewe, kwa sababu utani niliutunga bila kufikiri, lakini kunyamaza nilikufikiria.

Jumapili nikaenda na baba. Siku zote mama huyo huacha meza yake wazi, chenji kwenye kopo, bei baba anazijua. Siku hiyo tukaikuta imefunikwa turubai na kufungwa kamba pande zote, mafundo juu ya mafundo. Baba akaangalia juu.

"Ameona dalili ya mvua nini?"

Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua.

Akaja mzee mmoja, akasimama mbele ya lile turubai. "Huyu mama leo hayupo? Nachukuaga kwake."

Baba akainuka kama alivyozoea, mkono ukafika mpaka kwenye kamba. Ukabaki pale kidogo. Akaurudisha.

"Hayupo," akasema.

"Basi nipe hilo lako."

Baba akampa. Alipokuwa akimhesabia chenji alinipa mgongo, na kwenye kona ya meza mimi naendelea: huku shuka, kule leso.