Padi Mbovu ya Tawa

Mashine ya gemu ya mwanangu ikipata moto hutoa harufu ya vumbi na plastiki, nami hurudi kimawazo utotoni kwetu Tawa papo hapo.

Fundi wa kuchaji betri pale sokoni alikuwa na gemu ya tivi kibandani mwake, akiiwasha kwa betri ya gari. Padi za kushika na kubonyeza zilikuwa mbili. Nzuri alikaa nayo mshindi. Mbovu, yenye kitufe kigumu ajabu, ilimngoja mpinzani. Basi bingwa hashindwi, halafu anajiita mkali. Upuuzi! Hadi leo wapo wachezaji wanaosifu vidole vyao, kumbe wanabebwa na mashine.

Siku moja bingwa alikuwa kijana wa sekondari. Gemu ilikuwa ya mbio: ukibonyeza haraka, mtu wako anakimbia haraka.

"Wewe msichana, enda usaidie mamako kupukuchua mahindi," akaniambia. Wavulana wakacheka.

"Nimetoka huko," nikamjibu.

Na kweli nilitoka huko. Tangu mavuno nilikuwa nikipukuchua kwa kidole gumba, gunia baada ya gunia, hadi ngozi ikawa kama soli ya kiatu. Kitufe kilichowashinda wavulana kwangu kilikuwa laini kuliko punje. Mtu wangu akakata utepe, wa bingwa bado yuko njiani.

Kibanda kizima kikapiga kelele. Fundi akaninyooshea padi nzuri.

"Mpe anayefuata," nikasema, na ile mbovu sikuiachilia.

Jana mwanangu aliniambia, "Mum, hiyo padi yako ina shida. Chukua yangu."

"Kaa nayo," nikamwambia. "Utaihitaji."