Mama Mkeka Hachungulii Tena

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ameketi peke yake mkekani, katika stoo ya shule ya msingi, kati ya madawati mabovu na maboksi ya chaki. Ametega sikio ukutani, upande wa darasa la kwanza. Kimya. Kwake hiyo ni habari njema, ingawa inamuuma.

Watoto humwita Mama Mkeka. Kwa miaka kumi na mmoja, anayepiga wenzake au kurusha vitabu huletwa kwake. Hagombezi wala hahoji. Humwaga vizibo vya soda mkekani, wakavipanga pamoja kwa rangi, mpaka mtoto mwenyewe aseme, "Nataka kurudi."

"Mtoto mwenye fujo ana jambo, maneno ndiyo hana," anasema. "Ukimfokea, unaongeza kelele juu ya kelele."

Leo roho yake iko juu. Msichana wa miaka sita, anayeng'ata wenzake na kuletwa mkekani tangu mama yake aende kufanya kazi mbali, amepewa nafasi ya mwisho: amalize siku nzima darasani, la sivyo aondolewe shuleni.

Wiki iliyopita mtoto alikaribia kumaliza. Saa tano, Mama Mkeka akashindwa kujizuia, akachungulia dirishani. Mtoto akamwona, akatupa daftari, akakimbilia mlangoni. Alipozuiwa, akamng'ata mwalimu wake mkononi.

"Kosa langu hilo, si lake," anasema. "Nilimkumbuka. Mtu mzima na mvi zangu!"

Nyumbani nako kimya. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita, na mwanawe hupiga simu Jumapili, akikumbuka. Kazi hii, anakiri, ukiiweza inakuacha mpweke.

Saa sita kengele ya darasa la kwanza kwenda nyumbani inalia. Vishindo vya watoto vinapita mlangoni bila kusimama. Mwalimu wa darasa la kwanza anaingia, bandeji ingali mkononi.

"Dada, kamaliza! Hata kalamu hakurusha."

"Kaniulizia?"

Mwalimu anatikisa kichwa. "Hapana."

"Vizuri," anasema Mama Mkeka, machozi yakimlengalenga. "Ndivyo inavyotakiwa."

Muhula ujao anataka kuwafundisha walimu wote kazi ya mkeka, ili asiwepo tena mtoto wa kuletwa stoo.

Na yeye je?

"Mimi?" Anaokota vizibo, kimoja kimoja. "Mimi nitazoea."