Ngamia wa Karatasi

Kila asubuhi Keinan akishafungua mlango wa bati wa duka lake la ushonaji pale Suq Mugdi, soko la Garissa, kabla hajaondoa kitambaa kinachofunika cherehani, hutoa pakiti ya karata kwenye droo. Huichanganya, akajigawia saba, akazipanga mezani zikitazama juu. Zikimpendeza, huitikia kwa kichwa na kuzirudisha. Zisipompendeza, huvuta mkebe wa biskuti ulio chini ya meza, akatoa karata nyingine na kubadilisha moja au mbili. Lakini siku ambayo kati ya zile saba ametokea mwanamke aliyeketi kando ya kisima, Keinan hapimi wala habadilishi kitu. Huzikusanya zote haraka, na droo haifunguliwi tena mpaka kesho yake.

Osob, mama anayeuza chai mkabala na duka, ameliona jambo hilo mara nyingi, ila yeye analiona kama uvivu wa fundi.

"Unapiga ramli tena, Keinan? Hebu waulize hao majini wako sukari itashuka lini."

"Hawajui, eddo," humjibu, akimwita shangazi kwa heshima.

"Basi wafukuze, au washone hata vifungo."

Keinan hucheka. Ni mrefu, ameinama kidogo mabegani kama mafundi wengi, na ana kawaida ya kushika pini mdomoni hata wakati hakuna cha kubania. Mimi humpelekea vitambaa vya mama yangu na kungoja kwenye benchi na kitabu changu. Habari hii aliisimulia vipande vipande, pini zikiwa mdomoni, macho yakiwa kwenye pindo.

Alizaliwa Balambala, kwa wafugaji, juu ya Garissa. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba zilipofurika, na ugonjwa wa mifugo ukafuata, zizi la mama yake lilibaki na kamba tupu. Ndipo jamaa mmoja akamletea ngamia mwenye maziwa. Hakumpa, alimwazima kwa desturi tunayoiita irmaansi. Unamkamua, watoto wanashiba, lakini mnyama anabaki kuwa wa mwenyewe. Akizaa, ndama ni wa mwenyewe. Akifa, unapeleka ngozi yenye chapa, mwenyewe ajue kwamba hukumla wala hukumuuza. Hakuna shahidi anayeitwa. Lakini mtu akiuza mnyama wa irmaansi, jina lake huchafuka hata kwenye visima ambavyo hajawahi kufika. Keinan aliyanywa maziwa ya ngamia yule. Desturi hiyo hakuisikia kwa watu.

Mwaka uliofuata, kliniki moja katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley ilitaka mapazia na vyandarua, naye akaenda huko na cherehani yake juu ya lori. Mkalimani wa kliniki alikuwa kijana mkimbizi aliyeitwa Abdishakur, mtu wa Kismayu, mwembamba, mwenye maneno mengi. Muuguzi mmoja wa kigeni alipokuwa akirudi kwao alikuwa amemwachia sanduku la karata. Hazikuwa karata za kawaida za wafalme na malkia. Kila moja ilikuwa na picha yake na maandishi yake: wanyama, mashujaa, radi, mito. Muuguzi alikuwa amemfundisha kucheza, kisha akaondoka, na Abdishakur akabaki na mchezo usio na mpinzani. Alipomwona Keinan akizitazama zile picha kwa jicho la fundi, aligawa sanduku katikati.

"Mbona unanipa nusu?" Keinan alimwuliza.

"Walaal, ndugu yangu, mtu hapigani mieleka na kivuli chake."

Katika mchezo ule kila mchezaji hujiundia pakiti yake ya karata sitini, na huanza na saba mkononi. Baadhi ni ardhi. Wao wawili waliziita malisho. Bila malisho mnyama hashuki uwanjani, na kadiri mnyama alivyo mkubwa ndivyo anavyotaka malisho mengi. Ukijaza malisho, unabaki na nchi nzuri isiyo na mifugo. Ukijaza wanyama, wanakufa njaa mkononi mwako. Kazi yote iko hapo, katika kupunguza hiki na kuongeza kile, kisha kucheza, kisha kupunguza tena. Keinan aliipenda kuliko alivyowahi kuupenda ushonaji, ingawa mwanzoni alishindwa kila siku.

"Wewe fundi," Abdishakur alimtania kwenye kibanda cha chai, "pakiti yako ni kama kanzu ya kuazima. Mabega mapana, mikono mifupi."

"Na yako?"

"Yangu imeshonwa na mkimbizi. Haina mfuko hata mmoja, lakini inakimbia."

Ni yeye aliyemfundisha jinsi ya kuitambua karata bora. "Si ile kubwa," alimwambia. "Ni ile ambayo zile saba zikija bila yake, moyo wako unashuka."

Abdishakur alikuwa na karata moja ambayo hakuitoa wakati wa kugawa. Ilikuwa ya mnyama mwenye shingo ndefu na mgongo uliopinda, naye alimwita Ngamia. Alihitaji malisho mengi, lakini akishuka hakuna aliyesimama mbele yake. Alimbeba ndani ya kipande cha nailoni, mfuko wa shati.

Kisha habari zikaja kwamba likizo ya Aprili kungekuwa na mashindano ya mchezo huo Nairobi, katika ukumbi wa shule moja huko Parklands. Abdishakur hakuwa na ruhusa ya kutoka kambini. Bila kibali, kizuizi cha kwanza cha polisi kingemrudisha. Keinan alikuwa na kitambulisho. Basi wakaunda pakiti moja pamoja, wakaipunguza na kuiongeza hadi Abdishakur akasema sasa inakaa mwilini. Siku ya kuagana alimtoa Ngamia kwenye nailoni yake, nailoni akairudisha mfukoni.

"Hii ni irmaansi," alisema huku akicheka. "Mkamue, usimuuze. Akizaa, ndama ni wangu. Akifa, niletee ngozi."

"Nimesikia."

"Sema tena, mtu wa Balambala."

"Nimesikia, walaal."

Keinan alicheka naye. Lakini aliniambia kwamba hata katika kicheko kile wote wawili walijua si mzaha.

Nairobi alishindwa mchezo wa kwanza kabla hajakaa vizuri kitini. Wapinzani walikuwa na wanyama wadogo wengi wenye kasi. Ngamia alikuwa mkononi tangu mwanzo, akingoja malisho ambayo hayakuja kwa wakati. Mchezo wa pili alishinda kwa bahati tu. Wakati wa chakula kijana mmoja wa pale Parklands, mwenye albamu nzima ya karata, alikuja kuketi kando yake.

"Mzee, hiyo mnyama yako ni mzito sana. Inakula nyasi tu. Kwa albamu yangu itapendeza, lakini kwa mchezo itakuua. Nikupe hii."

Akamwekea mezani mwanamke aliyeketi kando ya kisima. Karata ndogo, isiyong'aa, inayotaka malisho mawili tu. Alichofanya mwanamke yule ni kumchotea mwenyewe karata moja zaidi kila zamu. Keinan aliisoma, akaiona pakiti yake yote ikibadilika kichwani: asingekosa malisho tena, asingebaki mkono mtupu tena. Alikuwa ameshapima nguo za watu miaka mingi, na jicho lake lilijua kitu kinachokaa.

"Hii si yangu," alisema, akimgusa Ngamia. "Ni ya rafiki."

"Rafiki yako hataki ushinde?"

Wachezaji waliitwa kurudi mezani. Keinan alimtoa Ngamia kwenye pakiti, akamsukuma upande wa kijana, akamchukua yule mwanamke.

Alishinda michezo yote iliyobaki. Kila mara mwanamke wa kisimani aliposhuka mapema, mpinzani alianza kuguna. Wakamwita "mzee wa Garissa" na kumpigia makofi, na zawadi ikawa boksi la karata mpya, ndani yake Joka mwenye ukingo wa dhahabu. Kijana wa albamu alimpa mkono. Alikuwa akienda zake Uingereza kusoma mwezi ule ule, na Ngamia akaenda naye.

Keinan alifika Dagahaley na Joka mkononi, amemnyoosha mbele kama mtu anayeleta mgeni. Abdishakur alimkumbatia, akamsifu, akaita chai. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ngamia wangu?"

"Nilimbadilisha."

Abdishakur alidhani ni utani. Alipoona si utani, aliweka kikombe chini.

"Ulimbadilisha na nini?"

"Karata za kawaida tu," Keinan alisema. "Tulikuwa tunashindwa. Lakini tazama, nimekuletea Joka."

"Joka sikukuazima. Ngozi iko wapi?"

Keinan alishika kikombe chake. Mwanamke wa kisimani alikuwa ndani ya pakiti, mfukoni mwake, akimgusa kifuani. Kwa kuwa alipatikana kwa Ngamia, kwa sheria ya irmaansi alikuwa ndama wake, na ndama alikuwa wa Abdishakur. Angeweza kumtoa palepale. Badala yake alikunywa chai, na chai ikaisha, na lori la kurudi Garissa likapiga honi, naye akaondoka na Joka ambaye Abdishakur hakumpokea.

Miezi ile iliyofuata hakutia mguu Dagahaley. Kliniki ilimwita kwa kazi ya mashuka, akasema cherehani imeharibika, na cherehani ilikuwa nzima. Alipokwenda Balambala kumwona mama yake, alikuta yule ngamia wa jamaa amezaa, na mama ameshatuma habari kwa mwenyewe kabla ndama hajakauka. "Nisije nikamzoea," mama alisema. Keinan hakulala huko. Alisema ana kazi ya watu.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa ujumbe ulifika kwa taar, ile redio ya sokoni ambayo watu huongea na kambi kwayo. Abdishakur na dada yake walikuwa wamekubaliwa kwenda kuishi Amerika. Basi lao lingesimama Garissa, upande wa huku wa daraja, abiria wakaguliwe na wapate kuswali. Aliomba Keinan aje, na alete pakiti yake.

Keinan aliniambia kwamba alikwenda akiwa amekata shauri kumrudisha ndama. Alikuwa amemweka mwanamke wa kisimani juu kabisa ya pakiti ili asije akatafutatafuta.

Abdishakur alishuka na mfuko mweupe wa plastiki wa karatasi zake za safari, shati limepigwa pasi, kola imekaa vibaya. Keinan aliinyoosha kwa mkono bila kufikiri.

"Fundi hafi," Abdishakur alisema.

"Huko ni baridi. Umebeba sweta?"

"Nimebeba dada yangu. Analalamika, ninapata joto." Wakacheka, kisha kicheko kikaisha. "Sikiliza, walaal. Sitaki kuvuka bahari tukiwa na deni kati yetu. Ngamia amekwenda, basi. Kwetu mnyama hulipwa kwa mnyama. Nipe karata iliyo bora katika pakiti yako, nami nitasema mbele ya Mungu kwamba nimelipwa."

"Tazama mwenyewe uchague."

"Hapana. Chagua wewe. Mimi sitazami."

Akageuza uso upande wa mto.

Keinan alitoa pakiti. Mwanamke wa kisimani alikuwa juu. Aliona vizuri kabisa kitakachotokea akimtoa: zile saba za asubuhi zikija bila yeye, malisho yakichelewa, pakiti aliyoishona miezi mingi ikifumuka. Aliona pia rafiki yake amempa kisogo. Kidole chake kikateremka, kikapita, kikafika kwa Joka mwenye ukingo wa dhahabu.

"Haya," alisema.

Abdishakur aligeuka. "Joka tena?"

"Ndiye."

"Ndiye bora?"

"Ndiye."

Abdishakur alimtazama kidogo. Angeweza kumwambia aape. Kwetu hilo ni jambo la kawaida hata kwa kilo ya nyama. Hakumwapisha. Alimtia Joka katika kile kipande cha nailoni, kilekile, alichokuwa bado anacho, akamweka mfuko wa shati.

"Nimelipwa," alisema. "Mungu ni shahidi. Nisamehe na wewe kama nilikuudhi."

Wakakumbatiana. Basi lilivuka daraja, na Keinan akarudi dukani kushona sare za shule. Tangu siku hiyo hajacheza na mtu. Vijana wa sekondari waliosikia habari za Nairobi huja kumwomba awapangie pakiti zao, naye huwapangia, lakini wakimwambia waketi wacheze husema macho yamechoka.

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye benchi nikingojea nguo ya mama. Keinan alijigawia karata zake saba, na ya nne alikuwa yule mwanamke. Mkono ulisimama hewani. Alizikusanya zote, na kabla hajafunga droo, nikamwuliza kitu ambacho nilikuwa nimekaa nacho siku nyingi.

"Joka uliyempa Abdishakur, ulijua kwamba si ndiye bora?"

Alitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kipande cha sponji.

"Nilijua, abaayo, dada yangu," alisema. "Bora ni huyu mama wa kisimani. Nilimtaka mimi, nikabaki naye."