Siku Nne za Huruma

Wodini, mtaalamu wetu wa mazoezi ya taya tulimwita Bi Vijiti, na jina hilo halikuwa la sifa. Watoto wakimwona anaingia na kopo lake la bati, walijifunika shuka gubigubi. Mimi, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka tisa, zipo siku nilitamani kujifunika nao.

Watoto wetu walikuja wameliwa nyuso na ugonjwa unaoanzia kwenye ufizi, mara nyingi baada ya surua. Kidonda kikipona, kovu hufunga taya kama mlango uliopigwa misumari. Daktari hukata kovu, akaziba tundu la shavu kwa nyama na ngozi ya kifuani. Kisha mara nne kwa siku Bi Vijiti hupanga vijiti bapa vya mbao katikati ya meno, kimoja juu ya kingine, ili taya lizoee kufunguka. Ukizembea, linafunga tena.

Alikuwepo binti wa miaka saba, aliyeletwa na bibi yake. Miaka mitatu aliishi kwa uji uliopenyezwa kwenye pengo la jino. Alishaacha hata kujaribu kusema. Alizungumza kwa mikono. Baada ya upasuaji alifika vijiti kumi na viwili. Wiki ya tatu akaunganisha viganja, akamwomba Bi Vijiti amwache. Na yule mama aliyetutisha sote, moyo ukamlegea. Akampumzisha siku nne, na kwenye karatasi ya kitandani akaandika kumi na mbili, kumi na mbili. Mimi niliona nikanyamaza, kwa hiyo lawama hizo nami zinanihusu.

Siku ya tano viliingia saba tu.

Daktari alipopita asubuhi, Bi Vijiti hakutafuna maneno. "Daktari, nimemharibu mtoto wa watu. Nilimwonea huruma."

"Wewe? Unayewaliza mpaka wazazi?" Kisha akaitazama karatasi, uso ukambadilika. "Asipofika kumi Ijumaa, namrudisha mezani. Na sina hakika ngozi ile itastahimili kisu cha pili."

Bibi wa mtoto alisimama, akamgeukia Bi Vijiti. "Mwanangu, fanya unavyojua. Mimi naenda kukaa nje, sitaweza kuangalia."

Bi Vijiti hakubembeleza tena. Kijiti cha nane kilitoa damu kidogo. Cha tisa kilimpatia Bi Vijiti kofi la shavu kutoka kwa mtoto. Hakuacha. Ijumaa, saa tano, cha kumi kikaingia. Mtoto akavumilia mpaka Bi Vijiti alipomaliza kuhesabu dakika, akavitema vyote sakafuni, akafungua kinywa.

"Sikupendi! Ondoka! Sikupendi kabisa!"

Bibi yake alisikia kutoka nje, akaja mbio bila viatu.

Bi Vijiti alikuwa amepiga magoti akiokota vijiti, machozi yakimdondoka.

"Asante, mama," alimwambia mtoto. "Narudi saa tisa."